Majina ya Mahali na ya Sura ya Nchi katika Nachingwea na Ruangwa: Namna Yafaavyo Kuandikwa

Shabaha ya makala haya ni kueleza jinsi majina ya mahali, na hasa majina ya vilima, vijito, mabonde na mapori, yafaavyo kuandikwa katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Mfano tutakaourudia mara kwa mara ni jina la Kilimarondo, sehemu iliyo upande wa magharibi wa Nachingwea. Hoja yetu ni moja. Jina la mahali ni neno la lugha fulani kabla halijawa alama ya ramani. Na mtu asiyeliandika kwanza kama wanavyolitamka wenye lugha hiyo, huwa ameandika jina jingine.

Wilaya hizi mbili zafaa kuchunguzwa pamoja, kwa kuwa zilikuwa wilaya moja mpaka Ruangwa ilipotengwa mwaka 1995. Ni nchi ya Wamwera hasa, lakini Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wangindo wamekaa humo au mipakani mwake, na Kiswahili kimeenea kote. Sarufi ya Kimwera tunayo: Lyndon Harries aliitoa mwaka 1950. Ramani ya mahali lugha zinaposemwa tunayo pia, katika Atlasi ya Lugha za Tanzania iliyotolewa mwaka 2009 na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi iliyobaki ni ya majina yenyewe, moja moja, kilima kwa kilima.

Yanayosomeka katika orodha

Mtu akichukua orodha ya kata za wilaya hizi, hata kabla ya kufunga safari, ataona mambo kadhaa yenye manufaa. Kwanza kuna kundi la majina yenye kuanza kwa chi-: Chiola na Chiumbati katika Nachingwea, Chinongwe, Chienjele na Chibula katika Ruangwa. Kiambishi chi- ndicho kilichochukua mahali pa ki- ya Kiswahili katika Kimwera, Kimakonde na Kiyao. Myao husema chindu pale Mswahili asemapo kitu. Lakini karibu na majina hayo twaona Kiegei, Kipara na Kilimarondo. Je, hayo yalitoka katika lugha nyingine, au karani aliyezoea Kiswahili aliigeuza chi- kuwa ki- akidhani anasahihisha? Swali hilo hujibiwa na kinywa cha mwenyeji tu, wala si na orodha.

Pili, kuna majina ya li-, kama Lionja na Likunja, na ya lu- au ru-, kama Luchelegwa, Ruponda na Ruangwa, pamoja na mto Lukuledi. Mswahili haoni viambishi hivyo kwa urahisi, kwa sababu katika lugha yake li- imebadilika au imetoweka mwanzoni mwa majina, na lu- imebaki u- peke yake. Kiyao kina liganga kwa jiwe na lulimi kwa ulimi. Kwa hiyo anayetafuta shina la jina la Likunja asianze na silabi ya kwanza. Na anayekuta Ruponda na Luchelegwa asiharakishe kusema kwamba ru- na lu- ni viambishi viwili. Wasemaji wengi wa sehemu hizi hubadilishana l na r bila kubadili maana, na mwandishi aliyepita ndiye aliyechagua herufi. Mto mkubwa wa mpaka wa kusini umeandikwa Rovuma na Wareno na Ruvuma na serikali yetu, nao ni mto ule ule.

Tatu ni jambo la sauti za puani. Katika Kimakonde na katika lugha jirani, kiambishi ambacho Kiswahili hukitamka m- hufuata konsonanti iliyo mbele yake, kikawa n- kabla ya t au k. Ndiyo sababu Ruangwa ina kata iandikwayo Nkowe, wakati Nachingwea ina Mkoka na Mkotokuyana. Yawezekana tofauti hiyo imo katika matamshi. Yawezekana imo katika kalamu tu. Wala isidhaniwe kwamba jambo hili ni dogo. Katika Kimakonde nkongwe ni mwanamke. Karani akilisahihisha neno hilo kuwa mkongwe, amepata neno safi la Kiswahili lenye maana ya mtu mzee sana, na maana ya mwanzo imepotea bila mtu yeyote kuona kosa.

Nne, alama ndogo ya ng' hutoweka upesi kuliko herufi yoyote. Nang'ondo na Narung'ombe huhitaji alama hiyo, maana ng na ng' ni sauti mbili mbalimbali. Vibao vya barabarani na ramani nyingi haziijali, na msomaji mgeni hutamka sauti ambayo haimo. Tena Narung'ombe linatuonya juu ya hatari nyingine: sikio la Mswahili husikia ng'ombe ndani yake, kama lisikiavyo upara katika Kipara. Kufanana huko si ushahidi wa maana. Kila jina refu lina silabi za kutosha kufanana na neno fulani la lugha nyingine.

Tano, na hili ndilo lionekanalo zaidi, ni wingi wa majina ya na-: Nachingwea, Naipanga, Naipingo, Nambambo, Namatula, Namapwia, Namikango, Nangowe, na katika Ruangwa, Nanganga, Namichiga, Nambilanje, Nandagala. Tukivuka Ruvuma twakutana na Nampula na Nacala, na mlima Namuli, katika nchi ya Wamakua ya Msumbiji. Hatusemi kwamba na- hizo zote ni kiambishi kimoja; baadhi huenda ni sehemu ya shina. Tunasema kwamba zimetanda kwa wingi pande zote mbili za mto, na kwamba mchunguzi anayefanya kazi ndani ya mpaka wa dola moja ataona nusu tu ya jambo lake.

Swali la Kilimarondo

Sasa tuliangalie jina la Kilimarondo. Kwa Mswahili jina hili lajieleza: ni kilima, na baada yake kuna Rondo. Tena liko Rondo jingine lijulikanalo sana, yaani uwanda wa juu wa Rondo katika mkoa huo huo wa Lindi, baina ya bonde la Lukuledi na la Mbwemkuru. Basi mtu aweza kuridhika na kusema, “Ni kilima cha Rondo,” akafunga kitabu.

Lakini maelezo hayo yana mizigo mitatu. Kwanza, Rondo hilo liko mbali, upande wa pwani. Atakayeyaunganisha majina hayo mawili yampasa aonyeshe ama watu waliohama na jina lao, ama kwamba rondo ni neno la kawaida la kutaja aina fulani ya nchi, liwezalo kutokea mahali pawili bila pamoja kujua pengine. Pili, ki- na r zote mbili ni herufi ambazo, kama tulivyoona, Kiswahili cha maofisi huweza kuziingiza. Tatu, hata kama kilima ni neno la Kiswahili kweli, bado hatujajua ni nani aliyeliweka.

Hapo mfano wa Kilimanjaro watusaidia. Jina hilo liliwafikia Wazungu kwa njia ya watu wa pwani na misafara yao. Rebmann alipouona mlima mwaka 1848 alikuwa amekwisha lisikia. Wachaga, waliokaa mlimani, walikuwa na majina ya vilele, Kibo na Mawenzi. Maana ya jina la pwani imebishaniwa tangu zamani hata leo. Mkaaji wa mlimani hutaja sehemu anazozitumia. Msafiri hutaja kile akionacho kwa mbali. Misafara ya Kilwa nayo ilipita katika nchi ya kusini ikielekea Ziwa Nyasa. Kwa hiyo yafaa kuuliza kama Kilimarondo ni jina la msafiri au la mkaaji, na kama wakaaji wana jina jingine la kilima chenyewe.

Ziwa Nyasa lenyewe latufundisha kosa lililo jepesi kuliko yote. Livingstone alipofika huko mwaka 1859 aliliandika Nyassa kuwa jina lake, ingawa katika lugha za huko neno hilo lina maana ya ziwa tu. Mgeni aliuliza, “Hiki ni nini?” akajibiwa kwa haki, “Ni ziwa.” Ramani zetu zinaendelea kusema ziwa la ziwa. Mwandishi wa majina asiyejua maneno ya kawaida ya kilima, jabali, bonde, kijito, dimbwi na pori katika Kimwera ataanguka katika shimo hilo hilo kila siku ya kazi yake. Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza si kukusanya majina, bali ni kukusanya maneno ya sura ya nchi.

Tabaka za historia

Majina ya miji na vijiji hubadilika kwa amri. Majina ya sura ya nchi hubadilika kwa usahaulifu. Nachingwea yaonyesha jambo hilo vizuri. Baada ya vita ya pili, Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wake mkubwa wa karanga katika Tanganyika mwaka 1947, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu zake. Mpango ulivunjwa mwaka 1951. Reli iliyojengwa kwa ajili yake ilifungwa mwaka 1962. Lakini kata ya Stesheni ipo hata leo, ikiwa na jina la kitu ambacho gari la moshi halikifikii tena. Farm 17 nayo imebaki: namba ya shamba katika ramani ya mpimaji imekuwa jina la mahali. Raha Leo, jina lijulikanalo Unguja, limo pia katika Nachingwea. Majina haya si takataka ya kufagiliwa na mpenda asili. Nayo ni historia, na yana tarehe zake.

Kisha ilikuja miaka ya kuhamia vijijini, hasa 1973 hadi 1976. Watu wengi waliokuwa wakikaa kwa kutawanyika, kila ukoo karibu na maji yake, walikusanywa kando ya barabara. Kijiji kipya kilipata jina moja, pengine la mahali kilipojengwa, pengine la wahamiaji walio wengi. Majina marefu kama Kipara Mnero na Kipara Mtua, au Mnero Ngongo na Mnero Miembeni, yatuonyesha jinsi jina moja lilivyohitaji la pili ili mahali pajulikane. Na katika hilo la mwisho Kiswahili kinaonekana wazi kwa kiishio chake cha -ni.

Yaliyoachwa nyuma ni mahame. Hame hujulikana kwa miembe iliyosimama porini pasipo nyumba. Lina jina, na kijito chake kina jina, na njia iliyoenda huko ilikuwa na jina. Lakini mtoto aliyezaliwa baada ya 1976 hana sababu ya kwenda kuchota maji huko. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati wa kuhama sasa amepita miaka 65. Hapo ndipo ilipo haraka ya kazi hii. Majina ya kata yameandikwa mara nyingi, vizuri au vibaya, wala hayatapotea; majina ya sura ya nchi yamo katika vichwa vya wazee tu.

Mfano wa nchi za Kigaeli

Kazi ya namna hii imekwisha fanywa kwingineko, na yafaa kuitazama pamoja na makosa yake. Ireland ilipimwa na wapimaji wa Serikali ya Uingereza kuanzia mwaka 1824. Watu wa nchi hiyo walikuwa wameipa ardhi yao majina ya Kigaeli yenye maana wazi: baile ni makao, cnoc ni kilima, dubh linn ni dimbwi jeusi. Wapimaji hawakuijua lugha hiyo. Mwaka 1830 waliajiri mtaalamu mwenyeji, John O'Donovan, ambaye alizunguka akiwauliza wazee, na katika vitabu vya majina ziliandikwa namna mbalimbali za kuliendeleza kila jina na mahali kila namna ilipotoka. Katika Scotland nako, ambako lugha ndugu ya Kigaeli husemwa, vitabu vya majina vya wapimaji vilikuwa na safu ya jina, safu ya maendelezo, safu ya watu walioshuhudia, na safu ya maelezo ya mahali penyewe.

Huo ni utaratibu ambao hatuwezi kuudharau. Lakini jina lililochapishwa katika ramani lilikuwa lile lililogeuzwa kwa masikio ya Kiingereza: baile ikawa Bally, cnoc ikawa Knock, na dimbwi jeusi likawa Dublin. Kila silabi ilibaki karibu na mahali pake, na maana ikafichika. Ireland ilipata tume yake ya majina ya mahali mwaka 1946, na sehemu kubwa ya kazi ya tume hiyo imekuwa kurudi kinyumenyume kutoka herufi za ramani hadi neno la mwanzo. Iliweza kurudi kwa sababu vitabu vya akina O'Donovan vilikuwapo. Karani wa Nachingwea aliyeandika ki- badala ya chi- amefanya kama mpimaji wa Ireland; tofauti ni kwamba sisi hatuna kitabu cha majina cha kurudia.

Namna ya kuandika

Kutokana na hayo twapendekeza utaratibu ufuatao. Kila sura ya nchi iwe na kadi yake. Juu yake liandikwe jina kama lilivyotamkwa katika lugha ya mwenyeji, likionyesha toni na urefu wa irabu. Kiyao, kwa mfano, hutofautisha irabu fupi na ndefu, na maandishi ya Kiswahili hayaonyeshi tofauti hiyo. Sauti yenyewe inaswe, maana sikio la mwandishi hukosea. Chini yake yaandikwe maendelezo yote yaliyopata kuchapishwa, kila moja na mwaka wake, pasipo kufuta hata moja. Kisha yafuate aina ya sura ya nchi, mahali ilipo kwa vipimo vya setilaiti, lugha ya msemaji, umri wake, na kama aliwahi kukaa hapo. Jina la msemaji liandikwe kwa ridhaa yake tu.

Namna ya kuuliza ina maana kuliko chombo cha kunasia sauti. Asiulize mtu, “Kile ndicho kilima fulani?” kwa kuwa adabu itamjibu ndiyo. Asimame mahali, aonyeshe kwa mkono, na anyamaze. Baada ya kupewa jina, amwombe mzee atunge sentensi: natoka huko, nakwenda huko, nimo humo, huko ni mbali. Kimwera, kama Kiyao na Kimakonde, huonyesha mahali kwa viambishi pa-, ku- na mu- vilivyotangulia. Myao husema kumusi, yaani kijijini. Sentensi hizo zitaonyesha mahali jina linapoanzia hasa, na kama silabi ya kwanza ni ya jina au ni ya mahali, na upatanisho utaonyesha ngeli yake. Kwa njia hiyo sentensi tatu za mzee mmoja wa Kilimarondo zaweza kutatua swali ambalo sisi tungelijadili mezani mwaka mzima.

Maana aliyoitoa mzee iandikwe mbali na maana aliyoikisia mwandishi. Hadithi ya jina ni mali ya wenyeji hata kama sarufi haikubaliani nayo, na yafaa ihifadhiwe kama hadithi.

Kwa nini kazi hii ifanywe sasa

Yupo atakayesema kwamba haya ni mambo ya wataalamu. Sivyo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, kijiji hupata cheti cha ardhi yake baada ya mipaka kukubaliwa na majirani. Mipaka hiyo hutajwa kwa vijito, vilima na miti. Vijiji viwili vikikubaliana kwamba mpaka ni kijito fulani, kisha vijana wa kila upande wakaonyesha kijito kingine kwa jina lile lile, ugomvi huo ni wa mashamba na maji, wala hautatatuliwa na kamusi. Nikeli imetafutwa katika kilima cha Ntaka, Nachingwea, na madini ya kinywe katika Chilalo, Ruangwa. Ajabu ni kwamba wanajiolojia wameacha n- na chi- mahali pake, kuliko makarani wengi. Mwaka 2022 nchi nzima iliendesha operesheni ya anwani za makazi, na njia nyingi zilipewa majina kwa haraka. Jina lililokwisha bandikwa nguzoni ni gumu kuliondoa.

Hatuombi kwamba Kilimarondo iandikwe upya katika vitabu vya Serikali. Maendelezo yaliyokwisha zoeleka yana haki yake, na barua lazima zifike. Twaomba jambo moja jepesi zaidi: kwamba karibu na jina la ofisi liandikwe jina la wenyeji, katika lugha yao, pamoja na majina ya kilima, kijito na hame ambayo ofisi haikupata kuyaandika hata kidogo. Mwanafunzi mmoja mwenye kusema Kimwera, akipewa kadi na chombo cha kunasia sauti, na muda wa kukaa na wazee wa kata moja, ataleta zaidi ya yale tuwezayo kukisia sisi katika orodha. Wanafunzi wa namna hiyo wamo katika vyuo vyetu, na wengi wao hurudi nyumbani Lindi kila likizo.